Mwezi wa Mia Moja na Kumi na Saba

Umeme wa Igoma umekatika tena.
Magesa ameshika tochi ya simu,
mimi nimeshika kikokotoo cha dukani, kinanuka dagaa,
na kitufe chake cha saba kinanata:
ukibonyeza mara moja zinaandikwa saba mbili,
na deni linanenepa bure.

Milioni arobaini. Asilimia kumi na tatu. Miaka kumi na mitano.
Tumeandika nyuma ya kalenda ya parokia,
pande zote mbili za mwezi uliopita.
"Gawanya," asema. Nagawanya.
Laki tano, elfu sita na tisini na saba,
kila tarehe ishirini na nane,
mara mia moja na themanini.
Ile saba ya mwisho tumeihakiki mara tatu.

Kukopa harusi.
Harusi yetu ilikuwa pale benki, Kenyatta Road:
kiti cha kuzunguka, soda ya baridi,
kalamu iliyofungwa uzi isije ikatoroka na wadeni.
Matanga ndiyo haya, sakafuni, kwa tochi.

Maana mwezi wa kwanza
laki nne na elfu thelathini na tatu ni riba,
zinapita mbele ya nyumba bila hata kubisha hodi.
Kinachoingia ndani ni elfu sabini na mbili na ushee.
Tofali ni elfu moja mia tano.
Matofali arobaini na nane.
Najaribu kuyapanga kichwani:
ukuta wa choo, tena unaishia magotini.
"Basi mwezi wa kwanza," asema Magesa,
"tutamiliki choo cha kuchungulia."
Tukacheka mpaka Nyamizi akaamka,
akauliza mia moja na themanini ni miaka mingapi,
akagawanya kwa vidole, akanyamaza.
Atakuwa na ishirini na mitano.

Kiwanja kiko juu, Kishiri.
Penye sebule limekaa jiwe, kubwa kama lori.
Fundi Lubango anasema tulichome siku tatu kwa magogo,
tulimwagie maji, litapasuka lenyewe.
Nami sitaki lipasuke lote.
Katika vyote vilivyomo kwenye mkataba
jiwe peke yake ni letu tangu leo.

Nashuka na kalamu, mstari kwa mstari,
riba ikipungua kama maji ya ziwa kiangazi,
huoni likishuka, unaona tu mawe yameongezeka,
hadi mwezi wa mia moja na kumi na saba:
hapo fungu la nyumba linalipita la benki
kwa mara ya kwanza.
Nauzungushia duara.

"Kuna nini hapo?" Magesa anasogeza tochi.
Septemba, namwambia, mwaka wa kumi.
Anautazama ule mduara kwa muda mrefu.
Kisha anachukua kikokotoo, anakipangusa kwa shati.
"Na mlango wa choo," asema, "ni shilingi ngapi?"