Mia Hamsini na Tatu

Alhamisi ya juma la tatu la Pasaka
zamu ya kusoma iliniangukia mimi.
Umeme ulikatika tangu saa kumi.
Tulikusanyika Mabanga, kwa Mama Masika,
nyumba ya mbao juu ya jiwe jeusi,
lile lililoshuka mlimani likiwa bado moto
likafunika jiko, choo, na kaburi la mkwe wake,
wala hakuja malaika kulivingirisha.

Nikasoma kwa tochi ya simu.
Petro akasema, naenda kuvua.
Usiku kucha, wavu mtupu.
Kulipokucha, mtu ufukweni,
moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate.

Tukanyamaza, kama ilivyo desturi ya shirika letu,
kila mmoja akitafuta neno lililomgusa.
Papa Bauma akasema: *Ni Bwana.*
Binti wa kwaya akasema: *Wanipenda?*
akainamisha macho, na sote tukajua ni nani.
Mwalimu Mutokambali: *Nifuate*, kama kila mwaka.
Mama Masika akakohoa,
mikono yake inanuka sambaza hata Jumapili,
akasema: *Mia hamsini na tatu.*

Tukacheka.
Naye alicheka kidogo, kisha akauliza:
Nani aliwahesabu?
Bwana amefufuka, amesimama pale mzimamzima,
na mtu ameinama juu ya wavu,
sabini na saba, sabini na nane…
Huyo ana deni, wanangu.
Wavu ni wa kukodi.
Mwenye mtumbwi anangoja fungu lake,
wa gatini lake, wa kodi lake,
na mtoto amefukuzwa shule tangu Jumatatu.
Hata mimi ningehesabu.
Ningemwambia: Bwana, ngoja, nimefika tisini.
Naye angengoja.
Hakusema acheni hesabu.
Alisema leteni kidogo cha kwenu,
na chake kilikuwa tayari motoni.

Miaka miwili ya seminari ndogo sikuambiwa hivi.
Padre alituchorea pembetatu ubaoni,
nukta juu ya nukta, mpaka mia hamsini na tatu,
tukanakili, tukapata alama nzuri.

Walinigeukia: na wewe, msomaji?
Neno langu lilikuwa *makaa*.
Sikulisema.
Nilisema *mkate*.

Maana moto wa makaa uko mara mbili katika Yohane,
huu wa ufukweni, na ule wa uani,
usiku wa baridi, Petro akiota moto na watumishi.
Na wangu uko kwenye kizuizi, njia ya Sake.
Wenye bunduki walikuwa wakichoma mahindi.
Katembo alikuwa mbele yangu na chukudu yake,
magunia manne ya viazi, jasho mgongoni.
Wakaniuliza: huyu unamjua?
Nilimfundisha komunyo ya kwanza.
Nilimshika kichwa alipokuwa akitapika malaria.
Nikasema: simjui.
Mara moja tu. Hawakuhitaji kuuliza mara tatu.
Jogoo hakuwika, ilikuwa saa tisa mchana.
Chukudu ilibaki kando ya barabara siku mbili,
kisha nayo ikaondoka.

Tulifunga kwa Salamu Maria.
Mama Masika akavuta mbabula katikati yetu,
akapuliza, majivu yakaruka,
sambaza wakaanza kulia katika mafuta.
Akapanga sahani juu ya mkeka, akizihesabu kwa kidole.
Tulikuwa watu kumi na mmoja.
Akapanga kumi na mbili.

Hakuna aliyethubutu kumwuliza ile moja ni ya nani.

Simu yangu ikazimika.
Ukabaki mwekundu wa makaa,
na uso wake, karibu kuliko nilivyotaka,
na mkono wenye magamba ukininyooshea sahani.
Msomaji, akasema,
umekaa mbali na moto.
Njoo ule.