Ile ya Tatu

Saa moja na robo. Mgongo bado una chumvi ya magunia.
Nimekalia kreti la soda kwa Fakihi, Mlaleo,
skrini ya mwisho, ile yenye ufa pembeni,
na padi inayovuta kushoto
kama mkokoteni uliopinda ekseli.

Sekunde thelathini za kuchagua silaha.
Badi keshachukua ile fupi, ya kurukia madirisha.
Kadzo, ya mdunguaji; Kadzo ana subira,
cheti cha kuzaliwa alikingoja miaka miwili.
Mwinyi, kama ada, bastola mbili na mdomo.
"Tsuma, fanya hima, yakhe!"

Mimi nimesita kwenye rashasha.
Ziko tatu, zazunguka polepole
kama kuku wa kuchoma dirishani Mwembe Tayari.
Ya kwanza ni bunduki ya kawaida iliyonenepa:
risasi sitini, kisha aibu.
Ya pili ina mkanda wa mia mbili
ila mtutu wapanda, wapanda, wamiminia mbingu;
juzi nilimlenga mtu mmoja
nikazima taa za mtaa mzima.

Ya tatu yasema taratibu. Du. Du. Du.
Risasi mia. Miguu miwili mbele,
ukiilaza juu ya ukuta hutulia kama mtoto aliyeshiba.
Kukimbia nayo, sahau.
Kuipakia upya, sekunde sita.

"Hilo jeneza," asema Mwinyi. "Uzito wote huo wa nini?"

Mwinyi hajawahi kupokea gunia la vitunguu
kutoka juu ya lori, Kongowea, saa kumi alfajiri,
tope kifundoni, na mwenye mali anakuhesabia hatua.
Kitu kizito hakikimbizwi.
Wakiuliza kwanza kichwa chake kiko wapi,
wainama wewe kabla yake,
na ukishakikubali begani
hakuna anayekupita njiani bila kukupisha.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wasema.
Mnyamwezi hayupo leo.
Nabonyeza.

Ghala. Ngazi ya chuma. Naiegemeza juu ya pipa
na njia yote ile yawa yangu.
Siui wengi. Wanne, labda watatu,
mmoja nadhani alijirusha mwenyewe.
Lakini hakuna anayeinua kichwa,
na Badi apita chini ya sauti yangu
kama mtu apitaye chini ya turubai mvua ikinyesha,
mkavu, akicheka, hadi kwenye bendera.

Kisha, kap.
Tupu.

Moja. Kifuniko chafunguka.
Mbili, nyayo, upande wa kulia, mtu anapanda ngazi
wala hana haraka, keshajua.
Nakumbuka sijala tangu asubuhi.
Nakumbuka gunia moja ni shilingi thelathini na mechi moja ishirini,
hesabu ambayo nimejikataza kuifanya nikiwa nimeketi hapa.
Nne. Mkanda wateleza, kidole gumba chatoka jasho,
naiona kofia yake, naiona
na mlio mmoja watoka mbali, juu ya paa.
Kofia yaanguka.
"Pakia tu," asema Kadzo, hata hajageuka. "Nakuona."

Sita.
Nafyatua, na banda zima lazimika.

"Tokeni!" Fakihi apiga kelele, atafuta simu kwa mkono wa gizani.
Skrini nyeusi. Feni yamalizia mizunguko yake.
Nani ameshinda? Badi aapa ni sisi,
yule kijana wa skrini ya pili aapa ni wao,
na kidole changu bado kimebonyeza kifyatuo
cha kitu kisichokuwapo.

Kesho lori mbili, moja ya viazi.
Nainuka, magoti yalia.
Na Mwinyi, kwa sauti ndogo
ambayo sijawahi kumsikia nayo:
"Ati, ile ya tatu...
mtu huipata akifika daraja la ngapi?"