Kalenda ya Duka la Mbegu

Mwaka ule nilitia duara mara tatu tu:
Januari, Mei,
na siku moja ya Novemba isiyo na habari.

Mimi ni fundi nguo, Kibuye, nyuma ya wauza mitumba.
Futi shingoni, navijua viuno vya nusu ya Kondele.
Changu nilikipima usiku, taa imezimwa,
nikaongeza inchi, nikanyamaza.
Alfajiri, kibano na kioo cha mkononi:
unywele wa kidevu mmoja, wa pili, wa tisa.
Ogweno akibisha, nasema naosha uso.

Mama mkwe alileta mizizi kutoka Seme
ndani ya chupa ya soda.
Hakusema neno. Ndilo neno lenyewe.
Nilikunywa. Ilikuwa chungu, ikabaki chungu.

Dada Khasiala alinipaka ute baridi tumboni,
akanigeuzia skrini: vifuko vidogo vidogo
vimejipanga ukingoni mwa ovari
kama shanga.
Nilicheka, jamani. Shanga!
Bibi alizivaa kiunoni,
mimi nimezivaa ndani, bila mpangaji wala mtazamaji.

“Si laana,” akasema, “wala si uvimbe wa kukatwa.
Yai huanza kukua, kisha husita.
Insulini inaita, mwili umeziba masikio.”
“Na mtoto?”
“Wengi hupata. Leo lakini tuongee juu yako.”
Juu yangu.
Nilitafuta la kusema, nikakosa.

Basi: tembe baada ya chakula, na tumbo likaniasi wiki nzima.
Ugali wa wimbi, kipande; osuga ijae sahani.
Chai bila sukari, hiyo sijaisamehe.
Jioni kwa miguu hadi Dunga na kurudi.
Kilo mbili zikaenda,
moja ikarudi bila hodi.

Ogweno nilimwonyesha kibano.
Alikigeuzageuza, asijue aseme nini,
kisha akanishikia kioo.

Jumanne moja, nampima mteja gauni la mahari ya bintiye,
pini zimejaa mdomoni,
nikasikia chini ya kitovu yale maumivu,
mgeni asiyeuliza njia.
“Kuna nini?”
“Hakuna. Inua mkono.”

Nilitia duara kwa chaki ya kukatia vitambaa.
Chaki hufutika, najua; na mwezi mmoja si mwaka.
Nikatafuta kalamu.