Gramu Mia na Themanini

Saa kumi na moja alfajiri, Lugogo bado ina umande.
Wasichana wa nchi kumi na tisa wamepanga foleni na soksi zao,
hakuna anayesema na mwenzake.
Wanatemea mate kwenye vikombe vya karatasi,
maana siku kama hii hata mate yana uzito.
Mmongolia mmoja anaruka kamba ndani ya suti ya plastiki,
anachuruzika kama paa la mabati.
Mdogo wangu Candiru anapanda mizani.

Hamsini, nukta moja nane.
Mama mwenye miwani ya kamba anasoma tarakimu
kama karani wa mahakama.
"Saa moja," anasema. "Ndani ya saa moja uwe umerudi."

Alishavua kila kinachovulika.
Alishakimbia ngazi za jukwaa na sweta tatu.
Usiku alilia, nikamwambia vizuri, lia,
hayo nayo ni maji.
Kocha Afeku akaangalia saa yake, akaangalia kichwa chake,
kisha akaniangalia mimi.

Nywele hizo nilisuka mimi.
Jumapili nzima, na Jumatatu hadi redio ya jirani ikazimwa,
kibarazani kwetu Naguru, magoti yangu yamembana mabega,
rasta nyeusi pakiti nne na moja ya zambarau,
"ili Mama kule Arua anijue kwenye televisheni."
Alisinzia, akaamka, akaomba muhogo,
tukamcheka yule wa Kazakistani, nyusi zake nene kwenye picha.

Marehemu baba yetu, sajini,
alitunga mashairi kambini, nane kwa nane,
akihesabu kwa vidole juu ya goti.
Nilimwuliza mizani ni nini.
Akasema ni mlango mwembamba, neno likinenepa halipiti.
Na neno unalolipenda, Baba?
"Unakata. Unakata na huliwekei matanga."

Mikasi tuliazima kwa daktari wa Zambia.
Nilianza na za zambarau, kabla mkono haujaingiwa na huruma.
Candiru alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
macho kwenye kigae kimoja cha ukuta.
"Ezaru," akasema, "usiache vipande shingoni, vinawasha."
Basi, hilo tu.
Kichwa kikatoka, kidogo kuliko nilivyodhani,
na kovu la siku ile mlango wa jiko ulipomwangukia
nikasingiziwa mimi.
Nilikuwa nimelisahau.
Nikalibusu haraka, asione mtu.

Arobaini na tisa, nukta tisa saba.
Mama mwenye miwani hakutabasamu,
ila jina aliliandika polepole, herufi kwa herufi,
Candiru, aliyezaliwa wakati wa shida,
kana kwamba anachonga.

Mtauliza pambano.
Raundi ya kwanza alipigwa. Ya pili alipiga.
Ya tatu sikuiona, nilifumba macho nikisikia glavu,
pu, pu, kama mtu anakung'uta godoro.
Majaji watatu kwa wawili,
na mkono ulioinuliwa ulikuwa wa yule wa nyusi.
Candiru akamkumbatia, akainama mbele ya kona yao,
akashuka ulingoni akiuliza kama kuna chapati.
Alikula sita. Ya saba aliifunga kwenye leso.

Mfuko wa nywele nilirudi nao nyumbani.
Kesho yake, soko la Nakawa, kwa muuza mukene,
niliona mizani yake mpya ya betri haina mteja,
nikauweka.
"Unauza nini, dada?"
Tarakimu zikacheza, zikatulia. Nikasoma mara mbili.

Mia mbili na kumi.

Tulizidisha, Baba.
Gramu thelathini nzima,
nyuzi tatu, labda nne za zambarau,
zingepita mlangoni naye.
Muuza mukene akarudia kuuliza bei.