Bawaba

Nilianza nikiwa na miaka arobaini na saba,
umri ambao wenzangu wa ghala la asali, Ipuli,
walikuwa wanaanza miwani.

Fidla niliinunua kwa fundi redio wa Kachoma.
Haikuwa na nyuzi. Ilikuwa na kiota cha nyigu tumboni.
Akaipuliza vumbi, akasema, "Hii ni ya kuanzia."
Sikumuuliza kuanzia nini.

Mwalimu Sabasi, mstaafu wa kwaya,
alikata plasta, hizi hizi za kidonda,
akazibandika shingoni mwa fidla: moja, mbili, tatu.
"Kidole kikae hapa. Kikihama ni kosa la kidole,
usimsingizie Mungu wala unyevu."
Mwaka mzima nikabonyeza majeraha yasiyokuwepo.

Mchana napima madebe, ishirini na nane,
ishirini na saba na robo, nta imeganda kuchani.
Jioni napaka ulimbo kwenye upinde.
Upinde na ulimbo:
mpita njia angedhani natega ndege,
na ndege mwenyewe simpati.

Mama Sizya, wa upande wa pili wa ukuta,
alivumilia wiki tatu.
Ya nne akamtuma mjukuu na kichupa
cha mafuta ya cherehani.
"Bibi anasema ni ya bawaba."
Nikapokea. Nikashukuru. Nikautia mlango mafuta,
maana kwa kweli nao ulikuwa unalia.

Miaka mitano hiyo sitaisimulia yote.
Kuna masika nzima niliifunga kwa kanga,
nikaipandisha juu ya kabati, pamoja na sanduku la misiba.
Kuna usiku sol ya chini ilikaa.
Ilikaa tu, ikatetema mpaka kwenye taya,
nami nikasimama jikoni, ugali unaungua,
kama mtu aliyeitwa jina lake
asijue kaitwa na nani.

Mihayo wa gita la besi alikuja ghalani
kumnunulia mama yake asali ya kikohozi.
Akanitazama shingo, hapa chini ya taya, penye weusi.
"Hiyo alama," akasema, "si ya mkufu."

Basi ndiyo hii Jumamosi, ukumbi wa Isevya,
joto la Tabora la kabla ya mvua,
nami nimevaa kitenge cha sare cha Malolo Jazz
katikati ya vijana. Mpiga ngoma
amesoma na mwanangu; ananiamkia shikamoo
kabla ya kila wimbo.
Kiongozi ananong'ona, "Mama Nyanzala, kibwagizo tu.
Noti nne. Ukipotea, inua upinde, tabasamu."

Wimbo wa kwanza nikazipiga zote nne
kama anayegongea mkopo.
Wa pili, jasho likaibandua plasta ya tatu.
Ikaning'inia, ikadondoka juu ya kiatu changu.
Kidole kikaenda peke yake, gizani,
kikaukuta mlango,
kikaingia bila hodi.

Saa saba na nusu, Masele wa mitambo anakunja nyaya.
"Mama, usinichukie. Wimbo wa kwanza nilikuzima."
"Na wa pili?"
"Wa pili nikakufungua kidogo. Nikawatazama watu.
Nikaongeza. Nikawatazama tena.
Hakuna aliyegeuka."

Hakuna aliyegeuka!
Nimeibeba sentensi hiyo kwenye bodaboda
kama trei ya mayai.
Na Mama Sizya alikuwepo, shangazi wa bwana harusi,
viatu mkononi, nyonga zikizunguka
palepale penye noti zangu nne,
macho ameyafumba.

Nimeingia nyumbani polepole. Mlango haukusema kitu.
Kichupa chake kipo dirishani, kimebaki nusu.
Asubuhi nitamrudishia,
au nitanyamaza kwanza,
nimsikie upande wa pili
akiimba vibaya kile kibwagizo huku anafua.