Nafasi Kwenye Lebo

Lebo ina upana wa vidole vitatu.
Juu, kwa wino wa dhahabu, JASVANTI,
jina la bibi yangu, aliyekufa
bila kujipaka kitu chenye kifuniko cha skrubu.
Chini yake: mafuta ya uso, mililita thelathini,
namba ya bechi, tarehe ya kwisha,
kisha sentensi niliyoiandika usiku wa manane,
feni ikikata joto vipande vipande bila kulipunguza:
Siri ya Ayurveda, vizazi vitano.

Nilijaribu kuvihesabu.
Nikakwama kwenye kidole cha tatu.

Bechi ya kwanza ilijitenga, uto juu, tope chini,
kama mume na mke walionuniana.
Ya pili ilimtia manjano mteja wa Nyali;
akanitumia picha ya mto wa kulalia,
si ya uso.
Ya tatu ilinukia mchuzi.
Nikaimwaga karoni. Karo ikawa laini siku nzima.

Ndipo dirisha la ng'ambo ya kichochoro lilipofunguka.
"Wee Hetal! Hayo manjano huyapiki, unayaunguza."
Bi Mwanasiti, somo. Nusu ya maharusi wa Kibokoni
wamepita mikononi mwake.
Akashuka na msio kwapani, jiwe lililobonyea katikati
kama kiganja kilichozoea kuomba.
Akasaga liwa kwa marashi, akizungusha upande mmoja tu,
kuume, kuume,
akaroweka manjano usiku kucha, akaniambia uto wa ufuta
haupikwi, unabembelezwa.
Nikamuuliza vijiko vingapi.
"Pua umepewa ya nini?"

Bechi ya nne ilikaa.
Nilijipaka shingoni, nikamkumbuka bibi
kwa harufu ambayo hakuwa nayo.

Benki, Barabara ya Digo. Kijana wa mikopo, tai imembana,
alisema mafuta hata Kongowea yapo, mama,
kinachouzwa ni hadithi. Weka Himalaya.
Mimi mzaliwa wa Ganjoni. Mlima ninaoujua
ni ule mpando wa daraja la Nyali
gari langu linapoanza kukohoa.
Nikaiweka Himalaya.
Chupa za kioo zikalala Kilindini wiki sita,
ushuru ukazaa ushuru,
bangili zangu mbili za harusi zikaenda kuzitoa.
Hoteli moja ikaagiza mia mbili, elfu saba kila moja.

Chupa ya kwanza nilimpelekea Bi Mwanasiti.
Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho.
"Vizazi vitano vya nani?"
Nikatazama sakafu.
Akadondosha tone kwenye kiwiko, akanusa, akanusa tena.
"Liwa umeipunja."
Kweli. Liwa imepanda bei.
Lakini neno lile halikukaa kwenye liwa peke yake.

Nikasema nitaliandika jina lake, kwa dhahabu,
nitasema somo hodari, mikono ya baraka.
"Usinisifu, nitatia maji," akacheka.
"Na jina chupani halinunui mkaa.
Niandikie kwenye daftari. Mia kwa kila chupa."
Nikasema hamsini.
Akanyamaza. Akaanza kuufuta msio kwa upindo wa kanga,
taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka nao.
Nikasema mia.

Sasa nimeifuta ile sentensi, pamoja na Himalaya yake.
Mchora lebo anauliza kwa simu:
hapa palipobaki wazi, aweke ua la yungiyungi?
Asiweke kitu.
Natafuta maneno yatakayoenea vidole vitatu.
Hadi sasa nina moja, Kibokoni,
na kilo mbili za liwa ambazo sijazilipa.