Malipo ya Majaliwa

Mkataba una kurasa ishirini na mbili.
Nimeuchapa maktaba, peni kumi kila ukurasa,
na Struan akauliza kama hizo nazo
tutawadai wachapishaji.

Hatukucheka sana. Dundee, Februari,
ghorofa ya tatu ya kiwanda kilichokuwa kikifuma magunia,
hita moja tunaihamisha kama mgonjwa
kutoka miguuni pake kuja miguuni pangu,
na dirishani mto Tay una rangi ya kijiko.

Miaka minne tumeujenga mchezo huu:
mtoto, chemli, nyumba ya vyumba mia,
na giza linalokunywa mafuta tone kwa tone.
Ukikawia mlangoni, sauti inakuambia,
"Punguza utambi, mwanangu, mafuta hayaokotwi."
Ni sauti ya mama. Nilimrekodi kwa simu
akikaanga dagaa; kikaango kinasikika nyuma yake
na waliotujaribia mchezo wanadhani ni mvua.

Struan anasema tusaini.
Asilimia mia ya sufuri, anasema, ni sufuri.
Ana mtoto wa miezi saba na kodi ya Machi.
Wao wana watu wa kutafsiri, watu wa kusaka kasoro usiku kucha,
watu ambao wakipiga simu, simu inapokelewa.
Mchezo wa Iona ulitoka Jumanne
pamoja na michezo mingine hamsini;
kufikia Ijumaa alikuwa ameuza nakala kumi na tisa,
tatu kati yake kwa shangazi yake yuleyule.

Mimi sibishi. Nasoma.
Kifungu cha tisa: watatupa pauni elfu arobaini.
Cha kumi: hatuoni peni nyingine mpaka hizo zirudi,
zirudi na gharama za matangazo,
ambazo watazihesabu wao.
Cha kumi na nne: picha, majina na sauti zote ni mali yao
duniani kote, katika chombo chochote kilichopo
au kitakachobuniwa.

Nikampigia mama, Masasi.
Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa chama cha ushirika,
akaandika korosho za watu kwa kalamu ya bluu,
akawatazama wakipokea malipo ya kwanza,
wakingoja ya pili,
na yale ya mwisho ambayo kwetu huitwa majaliwa,
jina linalojieleza.

Nikamtafsiria kifungu cha kumi na nne.
Akanyamaza. "Sauti yangu," akasema,
"bado naitumia."
Kisha, kama mtu anayefungua leja:
"Wakiuza, nani anashika daftari?
Mtaliona, au mtasomewa?"

Hilo hatukuwahi kuuliza.
Miezi miwili ya barua pepe, na tulichobishania
ni nembo ya nani itangulie.

Bi Rosalind wa London alipotokea kwenye skrini
nikamwambia mawili:
sauti tunawakodisha, hatuwauzii;
na daftari tulione kila robo mwaka,
mhasibu wetu akitaka kulipekua, alipekue.
La kwanza alilikubali kabla sijamaliza.
La pili aliandika kitu, akasema atatujibu.
Struan alinitazama
kama mtu niliyemmwagia maziwa ya mtoto.

Leo siku ya tisa.
Kodi tumelipa nusu.
Ngazini kuna picha ya wanawake wa kiwanda,
wamesimama safu mbili, mikono imevimba,
chini yake mwaka umeandikwa, majina hapana.
Labda gunia la mmoja wao lilifika kwetu
likapimwa, likapewa namba.

Mkataba umelala mezani, kalamu juu yake.
Struan anaucheza mchezo wetu tangu mwanzo, kimya,
amefika chumba cha sitini, amekawia mlangoni.
"Punguza utambi, mwanangu."
Naye, ambaye Kiswahili chake kinaishia hapo,
ameunyoosha mkono chini ya meza
akapunguza hita.